Benchi la mlangoni: fremu ya msaji na kikalio cha kamba ya katani

Nyumba nyingi zinazojengwa Tanga siku hizi hazina mahali pa kukaa mlangoni. Nyumba za kale za mawe kule Lamu zilikuwa na daka, yaani kipenu cha kuingilia chenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mgeni alikaa kabla ya kukaribishwa ndani. Na nyumba za Kiswahili zilizofuata, zikiwemo za Ngamiani nilikokulia, zilijengewa baraza ya saruji mbele ili watu wakae, wapumzike na kusalimiana na wapitao. Nyumba ya sasa ina geti, mlango wa chuma, vigae vinavyoteleza na rundo la viatu. Anayeingia husimama kwa mguu mmoja huku amejishika ukutani ili avue kiatu, na mzee aliyechoka magoti hulazimika kuomba mkono wa mjukuu. Benchi moja lililotengenezwa vizuri huondoa adha hiyo yote, na ndiyo sababu nimeamua kueleza kwa urefu namna ninavyolitengeneza langu: fremu ya mbao ya msaji, kikalio kilichowambwa kwa kamba ya katani, na kichanja cha viatu chini yake.

Kabla sijaingia kwenye vipimo, nitaje jambo linaloongoza kazi nzima. Mbao nzuri iliyo ndani ya nyumba huweza kuishi kuliko mwenye nyumba, lakini kamba haiwezi. Itasuguliwa, italegea, nyuzi zake zitakatika moja baada ya nyingine, na siku itafika ya kuitoa na kuwamba upya. Kwa hiyo ninapochonga fremu humfikiria zaidi yule atakayewamba kwa mara ya pili na ya tatu kuliko mimi ninayewamba mara ya kwanza. Sipigi misumari kwenye miti inayobeba kamba, sifichi mafundo ndani ya tundu lililozibwa kwa gundi, na kila kipimo cha fremu hukichagua kwa kujua kwamba kitavutwa na kulegezwa tena na tena. Mafundi wetu wa zamani waliotengeneza vitanda vya kamba walilijua hili vizuri. Kitanda kilirithiwa, na kamba ikanunuliwa nyingine.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiweke tu ubao juu, au godoro la sponji lenye kitambaa. Jibu langu ni hali ya hewa ya pwani. Ubao mtupu ni mgumu kwa mtu mzima, sponji hunyonya jasho na maji ya mvua kutoka kwenye nguo ikaanza kunuka, na mchanga unaoletwa na viatu hukaa juu ya vyote viwili. Kikalio cha kamba hubonyea kidogo kumfuata mkaaji, hupitisha hewa chini kwa juu, na mchanga hudondoka wenyewe sakafuni. Vilevile ni chepesi, hivyo mama wa nyumba huweza kulisogeza benchi peke yake anapopiga deki.

Mbao ninazotumia ni za msaji, ambao mafundi wengi huuita mtiki. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, na uliletwa huku na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Sisi wa Tanga tunaupata karibu, kwa kuwa shamba kubwa la serikali la Longuza liko wilayani Muheza. Mninga unafaa sawasawa, pengine hata zaidi, kwa sababu ukikauka hausinyai sana wala haupindi, lakini mti ule hukua polepole porini na umekatwa mno, hivyo mimi huona ni vyema kuuachia nafasi panapopatikana mti wa kupandwa. Mvule nao ni mzuri. Paina ya bei nafuu siishauri kwa miti inayobeba kamba, kwa maana ni laini na kamba itaichimba.

Unapochagua msaji, tazama ncha ya ubao kabla ya kutazama uso wake. Sehemu ya katikati ya mti ni ya rangi ya kahawia ya dhahabu na ina mafuta ya asili ambayo mchwa hawayapendi. Sehemu ya nje, iliyo nyeupe, haina kinga hiyo, na bungua huipekecha hadi ikawa unga. Mbao za miti michanga huwa na weupe mwingi, na muuzaji hatakwambia. Kwa miguu weupe kidogo unavumilika ukielekezwa ndani, ila kwa mifumbati, ile miti miwili mirefu ya mbele na nyuma, mimi sikubali weupe wala fundo la tawi wala nyuzi zinazokimbia upande. Ubao wenye nyuzi za mshazari huonekana imara mpaka siku unapokazwa kamba, ndipo hupasuka. Mbao ziwe zimekaa chini ya paa, zimepangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite, hadi unyevu wake ushuke kufikia asilimia 12 hadi 15 hivi.

Vipimo vyangu ni hivi. Benchi lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 40, na kikalio kiko sentimita 44 kutoka sakafuni, kimo kinachomruhusu mtu mzima kukanyaga chini sawasawa na kuinuka bila kujisukuma. Matendegu manne, yaani miguu ya benchi, yanatoka kwenye mbao ya mbili kwa mbili, na baada ya kupigwa randa hubaki karibu sentimita 5 kila upande. Mifumbati na vitakizo, yaani miti mirefu na mifupi inayounganisha matendegu kule juu, inatoka kwenye mbao ya mbili kwa tatu na hubaki na kimo cha sentimita 6 na unene wa sentimita 4. Unene huo watu wengi huupunguza ili benchi lionekane jepesi, na hapo ndipo mabenchi mengi ya kamba huharibika.

Hesabu ifuatayo ndiyo iliyonifanya nisijadili tena unene. Kikalio changu kina mizunguko takriban 176 ya kamba inayokwenda mbele na nyuma. Kila mzunguko una mishipa miwili, mmoja juu na mmoja chini, kwa hiyo mishipa inayovuta ni 352. Mkono wa mtu wa kawaida huikaza kamba kwa nguvu ya kilo mbili bila hata kutoa jasho. Zidisha, na utaona kwamba kabla mtu yeyote hajakaa, mifumbati miwili inavutwa kuelekeana kwa nguvu inayozidi kilo 700. Mti wa unene wa sentimita 4 ulioachwa peke yake kwa urefu wa zaidi ya mita moja hauwezi kuhimili hilo ukabaki umenyooka. Utaingia ndani kwa sentimita kadhaa, kamba za katikati zitalegea huku za pembeni zikibaki zimekaza, na kikalio kitakuwa na shimo katikati ambalo hakuna ufundi wa kuwamba utakaoliziba.

Dawa yake ni mti mfupi wa kutegemeza uliowekwa katikati, kutoka mfumbati wa mbele hadi wa nyuma. Urefu unaoachwa bila msaada ukipungua kwa nusu, mti hupinda mara 16 pungufu, kiasi ambacho macho hayakioni. Kitegemeo hiki hakihitaji gundi nyingi, kwa kuwa husukumwa wala hakivutwi. Kinachotakiwa ni mabega yake yakae barabara kwenye uso wa mfumbati. Hata hivyo, mahali pake pana siri. Kamba zinapita juu ya mifumbati na chini yake, kwa hiyo kitegemeo kinaishi kati ya matabaka mawili. Kikiwekwa juu sana, mkaaji atakihisi mapajani. Mimi hukichonga kwa kimo cha sentimita 2.5 tu, nikakiweka karibu kabisa na ukingo wa chini wa mfumbati, kisha nikaukomba uso wake wa juu uwe na bonde kidogo. Hapo hubaki nafasi ya zaidi ya sentimita 3, na kamba hubonyea bila kukigusa.

Viungo ni vya ulimi na tundu. Ulimi una unene wa sentimita 1.3 na unaingia ndani ya tendegu kwa sentimita 3. Kwa kuwa tendegu lina sentimita 5 tu, ndimi za mfumbati na za kitakizo hukutana humo ndani, na lazima ncha zake zikatwe mshazari ili zikae bega kwa bega bila kugongana. Tundu ninalitoboa kwa keekee kwanza, matundu madogo yaliyofuatana, kisha nasafisha kuta zake kwa patasi. Msaji hufanya makali yabutuke haraka, kwa sababu ndani yake mna chembe ndogo ngumu zinazofanana na mchanga, hivyo jiwe la kunolea liwe karibu na meza muda wote. Patasi butu hubomoa kingo za tundu, na kingo zikibomoka bega la ulimi halina pa kuegemea.

Baada ya hapo nageukia kingo za mifumbati na vitakizo, na kazi hii naipa muda mrefu kuliko inavyoonekana kustahili. Kila ukingo utakaoguswa na kamba huviringwa kwa randa mpaka uwe na duara la kutosha, halafu hupigwa msasa mbaya, wa kati, na laini. Kamba iliyovutwa juu ya pembe kali hukatika palepale kwenye pembe, na hukatika polepole kutoka ndani, ukaja kuona wakati mshipa umeshaachia. Kipimo changu ni kitambaa chepesi cha mtandio: nakizungusha kwenye mti na kukivuta kwa nguvu kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale kinaponasa hata uzi mmoja, msasa unarudi.

Kuunganisha hakuna maajabu, ila msaji una tabia moja ya kujua. Mafuta yake yanayowafukuza mchwa huizuia gundi pia. Muda mfupi kabla ya kupaka gundi, futa ndimi na matundu kwa kitambaa chenye spiriti, ngoja ikauke, kisha upake mara moja. Asiye na klampu ndefu anaweza kuzungushia fremu kamba, akatia kijiti katikati na kukisokota hadi viungo vibane. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa njia zote mbili: fremu yangu inatakiwa kutoa takriban sentimita 126.5 kila upande. Vipimo vikitofautiana, sogeza klampu kabla gundi haijashika, kwa maana fremu iliyokwenda upogo itaonekana kwenye kila mstari wa kamba.

Kichanja cha viatu nakiweka sentimita 12 kutoka sakafuni, kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyoachana sentimita 1.5 ili mchanga upite. Kinaisaidia miguu isitanuke, basi.

Mbao hupakwa mafuta kabla ya kamba kuja. Natumia mafuta ya kitani, napaka kidogo kwa kitambaa, naacha yaingie, nafuta yaliyobaki, na kurudia siku inayofuata. Matambara yaliyotumika yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke. Yakikunjwa na kutupwa pamoja kwenye pipa hupata joto lenyewe na huweza kuwaka moto. Mafuta yakiwa hayajakauka vizuri, kamba itayanyonya na kuwa na madoa meusi yasiyotoka.

Sasa kamba. Mtu wa Tanga anayewamba kwa katani anatumia kitu kilichoujenga mkoa wake. Katani ni nyuzi za mkonge, na mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kutoka Florida, na katika shehena yake ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutoka hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika, na baadaye Tanzania, iongoze duniani, hata mwaka 1964 uzalishaji ukapita tani 200,000. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine inayoliponda na kuliparua, hutoa nyuzi zisizozidi asilimia 4 au 5 ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi. Kila nikishika bonge la kamba nyeupe nakumbuka wingi wa majani uliomo ndani yake, na naumia kuona kamba hiyo ikitumika kufungia mizigo tu na kutupwa.

Kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za makumbi ya nazi, nayo ina heshima yake, maana ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya kale vya baharini, lakini huvutika sana na ni kali kwa ngozi ya mtu aliyevaa kanga nyepesi. Kamba ya nailoni huteleza, huvutika chini ya uzito, na fundo lake hujifungua. Katani haivutiki sana, inashika vizuri juu ya mbao, na ndani ya nyumba, mbali na maji ya kila siku, hudumu miaka mingi. Nachagua ya milimita 5, iliyosokotwa nyuzi tatu, isiyo na sehemu nyembamba. Nywele zake zinazochoma nazibabua nje kwa moto mdogo unaopita haraka, kisha nasugua kwa kitambaa kikavu. Nawamba ikiwa kavu kabisa, kwa kuwa katani ikilowa hunenepa na kufupika, na ikikauka hulegea. Kwa benchi hili zinahitajika takriban mita 285, kwa hiyo ninunuapo huchukua mita 300 au zaidi kidogo.

Kuwamba nilifundishwa na mzee mmoja wa Pangani ambaye vitanda vya kamba vilikuwa kazi yake ya ujana. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, hakuanza na mafundo wala mtindo wa kusuka. Alinitaka niikalie fremu tupu, nikaikalia kwenye mfumbati, akasema: "Mwanangu, ikilia sasa hivi, usiiwambe." Fremu haikulia, ndipo akaomba aletewe kamba. Tangu siku hiyo kila fremu naikalia kwanza.

Mtande, yaani kamba zinazotangulia kutandwa, hupita mbele na nyuma. Unafunga mwanzo wa kamba kwenye kitegemeo cha katikati, chini kabisa, halafu unaipeleka pembeni na kuanza kuzungusha mifumbati yote miwili: juu kwenda nyuma, chini kurudi mbele. Kila baada ya mizunguko minne naacha nafasi ya unene wa kamba moja, nikipima kwa kipande cha kamba ileile. Usifanye kazi na bonge zima; kata vipande vya mita 15 hivi, uviviringe kwenye kibao, na uviunge kwa lile fundo ambalo wavuvi hufungia nyavu, kwa sababu halitelezi na linafunguka ukilisukuma nyuma. Kila fundo likae upande wa chini. Mtande usikazwe hadi mwisho wa nguvu zako. Unapoubonyeza kwa kiganja ushuke kama sentimita 2, kwa kuwa mshindio, yaani kamba za pili zinazosukwa kuukata mtande, utakapopita juu yake na chini yake utaichukua nafasi hiyo yote na kuimaliza. Hapo ndipo wenye nguvu nyingi hukwama: mtande ukiwa umekaza kama ngozi ya ngoma, mshindio hauna pa kupita.

Mshindio unatoka kitakizo hadi kitakizo. Mimi napendelea mtindo wa nne juu, nne chini, nikibadilisha kila baada ya mishipa minne, hivyo kikalio hujaa miraba midogo inayofanana na jamvi. Safari za kwanza ni rahisi, mkono mzima unapita. Kadiri unavyosonga nafasi inabana, na mwishoni unahitaji mti mwembamba wa urefu wa kiganja uliochongwa ncha na kulainishwa kwa msasa, wa kuinulia mishipa minne ili ncha ya kamba ipenye. Kila baada ya safari chache gonga mishipa kwa kibao ikaribiane, ukianzia katikati kwenda pembeni, kisha uvute ulegevu mshipa kwa mshipa hadi kwenye kitakizo. Upande wa chini siusuki. Kamba zinapita moja kwa moja, na hii ni kwa ajili ya yule wa baadaye, aweze kuona njia ya kila mshipa na kufikia kila fundo bila kukata chochote. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja akivuta na mwingine akishikilia mshipa kwa kidole juu ya kitakizo ili usirudi, na vidole vya wote wawili vifungwe plasta kabla havijachubuka.

Kikalio kipya hulegea kidogo baada ya kukaliwa kwa wiki kadhaa, na hilo ni la kawaida. Fungua fundo la mwisho la mshindio, vuta ulegevu kwa ule mti wenye ncha kutoka upande ulioanzia, funga tena. Mshipa mmoja ukikatika, unga kipande kipya chini kwa fundo lilelile. Usisubiri wa pili, kwa sababu jirani zake tayari wamebeba mzigo wake. Kamba ikichafuka, ipigwe brashi kavu. Maji ya sabuni yasiiguse kabisa.

Na wakati wa kuwamba upya ukifika, usianze kukata kamba za upande mmoja ukaziacha za upande mwingine zimekaza, maana fremu itavutwa mshazari na viungo vitapata shida. Toa mshindio wote kwanza, kisha kata mtande ukipokezana, mizunguko michache kutoka kushoto na mingine kutoka kulia, mpaka ukutane kwenye kitegemeo. Kagua mifumbati mahali kamba zilipokuwa zimelala. Kukiwa na mifereji, pitisha msasa, paka mafuta ya kitani, ngoja yakauke, ikalie fremu tupu usikilize kama inalia, na ndipo uende kununua kamba.